Gunia la Sufu Lililorudishwa

GUNIA lilirudi Jumatano jioni likiwa limefungwa juu ya paa la matatu, katikati ya godoro la mtu na mtungi wa gesi. Utingo alilishusha stejini Elburgon, akamwambia mama yangu asitoe kitu kwani nauli ilikuwa imeshalipwa Nairobi. Nadhani hilo la nauli ndilo lililomwuma mama kuliko yote. Mtu akikurudishia mali yako na kuilipia nauli, ujue amekuchoka kiasi kwamba hataki hata mbishane.

Ndani ya gunia mlikuwa na uzi wa sufu, kilo sita, ambao mama alikuwa ameutia rangi nyumbani na kuusokota kwa mikono yake mwenyewe. Mfanyabiashara aliyeuagiza huuza wanasesere wa kufumwa: ndovu, twiga na kondoo, wale ambao watalii huwapelekea wajukuu zao. Alitaka manjano hafifu kama siagi, na samawati ya anga ya asubuhi. Alichopelekewa kilikuwa manjano ya kupiga kelele, kama jaketi la mwendeshaji bodaboda, na buluu nzito kama wino. Kikaratasi kilichoandamana na mzigo kilikuwa na maneno mawili tu: rangi sizo.

Mimi nilifika Ijumaa kutoka Nakuru, ninakofanya kazi, kama nifanyavyo kila mwisho wa mwezi. Mama alichomoa shada moja la uzi, akalipeleka dirishani, akaligeuza huku na huku kwenye mwanga.

"Kwani hii ina kasoro gani, mama?" akaniuliza.

Asishangae msomaji. Mimi ni binti wa pili, na kwa desturi ya Wakikuyu binti wa pili hupewa jina la mama mzaa mama. Kwa hivyo mimi ni mama yake naye ni mama yangu, na mazungumzo yetu ya simu huwachekesha sana abiria wenzangu kwenye matatu.

Niliitazama ile manjano. Nikautazama uso wake. Hakuwa akitania. Nami, kwa uchovu wa safari na kwa ule ujuaji wa watoto waliosomeshwa, nikatamka neno ambalo laiti ningeweza kulimeza: "Mama, kama umezeekea kazi hii, si uiache tu?"

Hakujibu. Alilirudisha shada ndani ya gunia, akalisukuma gunia mvunguni mwa kitanda, akaenda kukamua ng'ombe.

Haikuwa haki yangu kusema vile, maana sufu ndiyo iliyonilea. Bei ya pareto ilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 2000 na majirani zetu wakang'oa mimea yao na kupanda viazi, mama alikuwa na kondoo kumi na wawili, gurudumu la kusokotea na sufuria tatu nyeusi. Nilipoingia chuo cha uanahabari kusomea diploma, kila shilingi ya karo niliyopeleka benki ilikuwa imechanwa, imesokotwa na kufungwa shada kabla ya kuwa pesa.

Kondoo wa sufu, kwa hakika, si wenyeji wa nchi hii. Kondoo mwekundu wa Wamaasai ana nywele fupi ambazo huwezi kuzisokota. Hawa wa sufu waliletwa na walowezi, na anayetajwa zaidi ni Lord Delamere aliyeleta merino Njoro mwanzoni mwa karne ya 20. Wengi walimfia, kwani nyasi za pale zilikuwa na upungufu wa madini, akalazimika kuwahamishia Soysambu karibu na Ziwa Elmenteita. Lakini merino, na aina nyingine kama Corriedale na Romney Marsh, hatimaye walizoea baridi ya Molo, Mau Narok na Kinangop, na baada ya uhuru wakaingia katika mashamba madogo ya watu kama sisi. Wanawake nao wakajifunza kusokota. Kule Nanyuki kumekuwa na kikundi cha wasokotaji na wafumaji tangu 1977, na karibu na Njoro, Kenana Knitters walianza mwaka wa 1998 na uzi wa kusokotwa kwa mkono na rangi za mimea.

Mama hakujiunga na kikundi chochote kikubwa. Alifundishwa na jirani, na baba, aliyekuwa seremala katika kiwanda cha mbao, akamtengenezea gurudumu kutokana na rimu ya baiskeli iliyofungwa kwenye fremu ya mbao. Baba alifariki mwaka wa 2011. Gurudumu bado lazunguka.

Watu wengi hudhani kwamba uzi husokotwa kwanza ndipo utiwe rangi. Waweza kufanya hivyo, na wengi hufanya. Lakini mama hupenda kutia rangi sufu ingali sufu, na sababu zake ni mbili. Kwanza, sufu iliyotiwa rangi haikosi madoa, hapa imekolea na pale imepauka. Ukishaichana kwa vile vitana viwili vya mbao vyenye meno ya waya, madoa yote huchanganyika yakapotea. Pili, waweza kuchana rangi mbili pamoja. Manjano kidogo na buluu kidogo, ukisokota, hutoa kijani ambacho ukikisogelea si kijani bali nywele za manjano na za buluu zilizolala pamoja. Hakuna kiwanda kitakachokupa rangi hiyo katika uzi wa akriliki.

Kazi yenyewe huanza na kuosha. Sufu mbichi ina mafuta, na rangi haishiki penye mafuta. Huloweshwa katika maji ya moto yenye sabuni, ikaachwa hapo bila kusuguliwa, ikasuuzwa kwa maji ya joto lile lile. Kisha huja shabu, ile inayotumiwa kusafishia maji ya mto. Kwa kila gramu 100 za sufu kavu, mama hutumia gramu 10 hadi 15 za shabu. Huiyeyusha katika maji ya moto, hutumbukiza sufu iliyolowa, hupasha moto polepole mpaka mvuke uanze kupanda, kisha huyashikilia maji hapo kwa saa moja bila kuyaacha yachemke. Shabu ndiyo inayoishikamanisha rangi na unywele. Bila hiyo, mimea mingi itakupa rangi ya kupendeza itakayokuaga siku ya kufua.

Rangi zenyewe? Maganda ya vitunguu, ambayo wachuuzi wa Soko la Wakulima mjini Nakuru hunipa bure wakidhani nina kasoro kichwani, hutoa rangi ya chungwa hadi hudhurungi. Mama huchemsha maganda yenye uzito sawa na sufu kwa saa moja, akayachuja, akaacha maji yapoe kabla ya kutumbukiza sufu na kuanza tena kupasha pole pole. Mabangi hutoa manjano. (Si bangi ile ya kukamatwa na polisi, jamani, bali lile gugu lenye harufu kali ambalo kila mkulima wa Bonde la Ufa amelilaani akipalilia.) Gome la mwati hutoa kahawia, na ukiongeza maji yaliyolowekwa misumari yenye kutu, kahawia hiyo huzama ikawa kijivu cha mawingu ya Julai. Majani ya aina fulani za mkaratusi hutia rangi ya kutu hata bila shabu. Buluu ndiyo ngumu. Nili haiyeyuki katika maji hivi hivi, yataka kufanyiwa ufundi wa peke yake, kwa hivyo mama hununua rangi ya unga na kuikolezea siki.

Mwanafunzi wa bwenini anayetaka kujaribu hana haja ya kutafuta mabangi. Rangi ya chakula inayouzwa dukani, siki kidogo na joto vyatosha kabisa kwa sufu, ingawa kwa pamba havitafaa. Sufu ni nywele. Imeundwa kwa keratini, protini ile ile iliyo katika nywele zetu na kucha, na ndiyo maana hina inayopakwa mikononi mwa bibi harusi wa Mombasa huweza pia kutia sufu rangi. Ila sufuria ya rangi isirudi kupikia sukuma.

Na maji yawe ya mvua. Maji ya visima vya Nakuru yana madini yake, na sisi tuliokulia huko twajua kwamba floridi yake hutia hata meno rangi ya kahawia, tena bila shabu na isiyotoka.

Yote haya nayajua kwa sababu, baada ya lile gunia kurudi, niliamua kuwa shida ya mama ni vipimo. Nilimnunulia mizani ya jikoni. Nikamnunulia daftari, nikachora mistari: tarehe, uzito wa sufu, uzito wa shabu, dakika. Mama hukadiria kwa konzi na kwa macho, nami niliona hapo ndipo mchawi alipo. Alizipokea zawadi zangu kwa heshima kubwa, akaiweka mizani juu ya kabati.

Jumamosi moja niliamua kumwonyesha. Nilipima kilo nzima ya sufu yake bora, nikapima kila kitu hadi gramu ya mwisho, nikawasha moto. Kisha mpigapicha wetu akanipigia simu, nikazungumza. Niliporudi sufuria ilikuwa ikitokota, nami kwa hofu ya kuungua nikashika mwiko na kukoroga kama anayesonga ugali, halafu nikamwagia maji baridi.

Msomaji aliyewahi kufua sweta ya sufu kwa maji moto atajua yaliyofuata. Unywele wa sufu una magamba madogo madogo. Joto la ghafla na kukorogwa huyafanya magamba yashikane, na yakishashikana hayaachani tena. Nilichopakua hakikuwa sufu. Kilikuwa kipande kimoja kizito, kigumu kama zulia la gari, chenye rangi nzuri ajabu. Mama alikitazama kwa muda mrefu, akakikausha uani, na hadi leo ndicho anachokikalia akisokota.

Aliyetufumbua sisi wote macho alikuwa mtoto wa dada yangu, wa gredi ya tatu, ambaye huishi na mama. Jioni ile nilikuwa nikimsaidia kupanga mashada ya uzi kwenye sanduku, nikaona kila shada limefungwa kwa vikamba vya pamba. Mengine kikamba kimoja, mengine viwili, mengine vitatu, vimekazwa kwa nguvu zote za mkono wa mtoto. Nikamwuliza ni mchezo gani huo.

"Si mchezo, Tata," akanijibu. "Moja ni nyeusi. Mbili ni buluu. Tatu ni manjano. Nyeupe haina. Nyanya ameniambia nimfungie, na nisimwambie mtu."

Nikaduwaa. Nikamwuliza kwa nini Nyanya atake kufungiwa.

"Kwa sababu hubahatisha."

Mama alikuwa na mtoto wa jicho. Daktari alitueleza baadaye kwamba lenzi iliyo ndani ya jicho huwa angavu utotoni, lakini uzeeni huweza kuingia ukungu, na mara nyingi ukungu huo una umanjano au ukahawia wa chai kavu. Mgonjwa huwa kama mtu anayetazama ulimwengu kupitia chupa ya bia. Mwanga wa buluu huzuiliwa, hivyo samawati humfikia ikiwa imefifia, na buluu nzito haitofautiani na nyeusi. Manjano hafifu nayo haionekani kando ya nyeupe, kwa kuwa nyeupe yenyewe imegeuka manjano. Mambo haya huja polepole, mwaka baada ya mwaka, kiasi kwamba mwenyewe hajui rangi zimeanza kuondoka lini.

Basi mama alikuwa akichovya sufu yake katika samawati, akiitazama, akiona bado, akiongeza unga. Alikuwa akiirudisha manjano ya siagi jikoni mara ya pili na ya tatu mpaka yeye mwenyewe aione. Kule kupiga kelele kwa rangi kulikuwa kipimo cha ukungu ndani ya macho yake, nami nilimletea mizani ya jikoni.

Hakuwa wa kwanza. Claude Monet, mchoraji mashuhuri wa Ufaransa, aliambiwa ana mtoto wa jicho mwaka wa 1912. Picha zake za bustani na madaraja zilizidi kuwa nyekundu na kahawia, na ikafika mahali akawa anategemea maandishi yaliyo kwenye mirija ya rangi ili ajue anachovya nini. Aliogopa kisu cha daktari kwa miaka zaidi ya kumi, akakubali upasuaji mwaka wa 1923 akiwa na umri wa miaka 82. Alikuwa na mirija yenye maandishi. Mama alikuwa na mjukuu na vikamba.

Tulipomkabili, hakukana. Alisema mambo mawili. La kwanza, kwamba mzee mmoja wa kijiji cha pili alipasuliwa jicho akarudi haoni kabisa. La pili alilisema akitazama nje: "Watu wakijua sioni rangi, nani ataniletea kazi? Wewe mwenyewe uliniambia niache."

Sikuwa na la kujibu.

Ilituchukua miezi minne kumshawishi. Dada yangu alitumia upole, mimi nilitumia vitisho, na sote wawili tulishindwa. Aliyefaulu ni jirani yetu muuza maziwa, ambaye alikuja siku moja akaketi, akavua miwani, akamwambia mama kwamba yeye alifanyiwa macho yote mawili na sasa huona hata sumni iliyoanguka kwenye nyasi. Mama akamtaka aeleze kila kitu, kuanzia sindano hadi chai ya baadaye. Wiki iliyofuata akanipigia simu: "Mama, njoo tuende."

Upasuaji wenyewe haukuchukua hata nusu saa. Daktari huondoa ile lenzi yenye ukungu, akaweka nyingine ndogo ya plastiki mahali pake, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo akiwa amefunikwa jicho. Walianza na la kulia. Kesho yake muuguzi alipoondoa kifuniko, mama alinyamaza, akaziba jicho la kushoto kwa kiganja, akalifumbua, akaziba la kulia. Akarudia. Akautazama ukuta wa zahanati, koti la muuguzi, gauni langu.

"Ukuta huu ni mweupe," akasema, "na ni wa chai." Akabadilisha kiganja. "Mweupe. Wa chai."

Njia nzima kutoka Nakuru alifanya hivyo, kupitia Njoro hadi Elburgon, akiziba jicho moja na jingine, akitaja rangi za nguo za abiria. Kijana mmoja aliyevaa fulana ya samawati aliambiwa mara tatu kwamba amependeza.

Tulipofika hakutaka hata chai. Alipiga magoti, akalivuta lile gunia kutoka mvunguni, akalimimina kitandani. Nilijua kitakachotokea na sikujua nifanye uso gani. Mama alilishika shada la manjano, akalifikisha dirishani pale pale aliposimama siku ile, akaziba jicho la kushoto. Kisha akaweka mkono mdomoni.

"Ngai," akasema. "Na mkaniacha nikaituma Nairobi!"

Alicheka mpaka akakaa chini, na nilipomwambia asicheke sana kwa ajili ya jicho akazidi kucheka. Halafu akanyamaza, akaanza kuyapanga mashada moja moja, manjano huku, buluu kule. Jicho la kushoto lilifanyiwa wiki nane baadaye.

Yule mfanyabiashara wa Nairobi alikuwa ameshapata msokotaji mwingine, na hatukumlaumu. Mama amempelekea vipande vya mfano, samawati ya anga na manjano ya siagi, na hajajibu. Wateja wake wa sasa ni wawili watatu wa hapa hapa Nakuru, na mizani yangu, nashukuru kusema, imeshuka kutoka kabatini, ingawa nilimkuta akipimia sukari.

Kuhusu zile kilo sita, alikataa zitupwe. Alichukua mashada ya manjano inayopiga kelele, akayachovya katika buluu kidogo yenye siki, kwa moto mdogo, bila kukoroga, nami nikiwa nimeamriwa nisimame mbali na mwiko. Yalitoka kijani cha majani ya viazi baada ya mvua. Yalipokauka, mtoto alikuja kufungua vile vikamba vyake vitatu vitatu. Alikuwa amevikaza sana, na buluu haikupenya chini yake. Kila mahali palipokuwa na kikamba palibaki na alama ndogo ya ile manjano ya zamani.

Mama alitaka kuzificha upande wa ndani. Mtoto akakataa katakata, akasema hizo ni zake. Sasa ana sweta ya kijani yenye vidoa vya manjano visivyo na mpangilio wowote, na huivaa kanisani kila Jumapili, hata jua likiwaka.